Kiinimacho cha Nondo za Dirishani

Mwaka wangu wa kwanza Copenhagen, siku moja ya baridi kali, nilipita mbele ya mgahawa nikakuta kigari cha mtoto kimeegeshwa ukutani, na ndani yake mtoto mchanga amelala fofofo, peke yake. Nilisimama pale moyo ukinienda mbio, nikiamini kwamba mtoto ametelekezwa. Mama yake alikuwa ndani akinywa kahawa, na wapita njia hawakugeuza hata shingo, kwa sababu Denmark kumlaza mtoto nje ni jambo la kila siku. Mimi niliyelelewa Magomeni, Dar es Salaam, niliona hatari. Wao waliona mtoto aliyelala.

Leo nina miaka tisa huku. Nimezoea kuona wakulima wakiacha viazi kando ya barabara pamoja na kisanduku cha pesa, bila muuzaji, na kupanda metro isiyo na geti hata moja, ilhali mwendokasi yetu huingii kituoni bila kupita getini. Mwenzangu kazini, nilipomwonyesha picha za nyumbani, alizitazama nondo za madirisha na vipande vya chupa vilivyopandwa juu ya ukuta, akasema kwa huruma kwamba inaelekea hatuaminiani. Nilitaka kumbishia, lakini takwimu zilikuwa upande wake. Utafiti wa kimataifa wa maadili ya jamii, ulioanza mwaka 1981, huuliza kama watu wengi wanaaminika au ni lazima mtu awe mwangalifu sana anaposhughulika nao. Watanzania walipoulizwa mwaka 2001, waliosema watu wengi wanaaminika hawakufika mmoja katika kila kumi. Denmark huzidi sita.

Nayakubali majibu hayo, ila siikubali tafsiri ya mwenzangu, na kilichonifungua macho ni kiinimacho kimoja cha zamani. Mwaka 1889 Mjerumani Franz Carl Müller-Lyer alionyesha mistari miwili yenye urefu sawa: mmoja una vichwa vya mshale kwenye ncha zake, wa pili ncha zake zimepanuka kama mkia wa samaki, na huo wa pili huonekana mrefu zaidi. Mwaka 1966 watafiti Segall, Campbell na Herskovits walichapisha matokeo ya kuwapima watu wa jamii mbalimbali, wengi wao wa Afrika, wakakuta kwamba Wamarekani wa Evanston walidanganyika sana na Wasan, wawindaji wa jangwa la Kalahari, kidogo mno. Walipendekeza kwamba jicho linalokulia kati ya kuta na pembe za vyumba hujifunza kuisoma mistari kwa namna yake. Wataalamu wengine wameyapinga maelezo hayo, lakini tofauti yenyewe ilipimwa.

Likizo iliyopita niliichora mistari ile kwa chaki kwenye sakafu ya baraza letu. Shangazi yangu, mtoto wa mjini, alisema bila kusita kwamba wa pili ni mrefu. Akapima kwa uzi, ukalingana. Akapima tena, kisha akakaa kimya kidogo.

“Najua ni sawa, mwanangu, ila jicho linakataa.”

Hali yangu ni hiyohiyo, kwani ninazijua takwimu za Denmark na bado mkoba wangu naubana kwapani ndani ya metro. Jiji linaloitwa Bongo, kwa kuwa anayeishi humo hana budi kutumia ubongo, humfundisha mtoto kuwa macho kabla hajajua kusoma. Tena hofu hiyo ina hesabu yake: baiskeli ya mwenzangu ikiibiwa, bima humlipa, lakini mama ntilie akiibiwa masufuria usiku, kesho hana biashara na watoto wake hawana ada. Ukiwaondolea Wadenmark bima, na wakaguzi wanaotoza faini kubwa kwa wasio na tiketi, sijui ni visanduku vingapi vitabaki barabarani.

Mwenzangu naye ana upofu wake, kwa maana haoni nauli inayopita mikononi mwa abiria watano wasiojuana ndani ya daladala iliyoshona hadi imfikie konda, na chenji ikarudi kwa njia ileile bila kupungua. Hauoni upatu. Mama yangu na wanawake wenzake kumi na mmoja hukabidhiana pesa kila mwezi bila mkataba wala sahihi, na anayepokea mwanzo angeweza kutoweka nazo. Anayehesabu pesa hizo ni jirani yetu, na dirisha lake lina nondo nene kuliko zetu. Swali la watafiti linahusu watu kwa jumla, na kwa watu kwa jumla mama angejibu kwamba tahadhari ni lazima, kisha angevaa kanga yake akapeleka mchango wa mwezi.

Zamu yake ni mwezi ujao. Ameniambia kwamba pesa hizo atanunulia mabati, na kwamba fundi ameshaanza kazi kwa ahadi ya mdomo tu.