Papai Limepimwa, Punda Wangu Bado

Huu ni mwaka 2020, mwaka wa korona. Ukitaka kujua kama Amu, mji wetu wa kale wa Lamu, kuna madaktari, usijisumbue kwenda hospitalini. Nenda Mkunguni baada ya sala ya alasiri, pale mbele ya ngome chini ya miti, ukawasikilize wanaume waliomaliza kazi na wale ambao kazi hawajaianza tangu wazaliwe. Utawakuta bingwa wa virusi, msemaji wa Ikulu na mshauri wa Shirika la Afya Duniani wamebanana kwenye baraza moja, barakoa zimeteremka videvuni, kikombe cha kahawa chungu kinatoka mdomo huu kinaingia mdomo ule. Nchi hii inaongozwa hapo. Rais Uhuru Kenyatta kule Nairobi anajichosha bure.

Mimi siasa sina. Nina punda. Nabeba mchanga, mawe na saruji kutoka gatini kwenda kwa yeyote anayejenga, na mwaka huu hajengi mtu. Wageni hawaji, hoteli za Shela zimelala, wenye nyumba za kukodisha wanakodishia popo. Kwa hiyo punda amekaa, nami nimekaa, na mtu aliyekaa Mkunguni atasikia siasa hata akizibia masikio kwa pamba.

Tangu tarehe 13 Machi, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, hakuna siku iliyopita kwa amani. Kila jioni Wizara inasoma takwimu: sampuli ngapi zimepimwa kwa saa 24, wangapi wameambukizwa, kaunti kwa kaunti. Nairobi inaongoza, Mombasa inaifuata, na sisi huku twasubiri kusikia yetu kwa roho juu. Siku wasipotutaja, baraza zima linapumua. "Amu sifuri! Amu safi!" Juzi nikauliza, wamepimwa watu wangapi hapa mjini mpaka tukapata hiyo sifuri? Wakanitazama vibaya, utadhani nimeleta mimi ugonjwa.

Maneno ya kupima ndiyo yaliyowagawa. Mwalimu mmoja mstaafu anamuunga mkono Magufuli, Rais wa Tanzania, kuliko Watanzania wenyewe. Mpinzani wake ni fundi wa majahazi, mtu wa Kagwe mpaka kwenye mifupa. Waziri akisema oga mara tatu, yeye ataoga nne. Na usidhani ni ugomvi wa tiba. Mwalimu ni Tangatanga, upande wa Naibu Rais Ruto, fundi ni Kieleweke, upande wa Uhuru. Ingekuwa Uhuru ndiye aliyekataa kupima, mwalimu angekwisha kufungua maabara chumbani kwake.

"Magufuli aliwaumbua," mwalimu husema, na hili analisema kila siku kama halijawahi kusemwa. "Tarehe 3 Mei alitwambia wazi. Alipeleka maabara sampuli za papai, mbuzi na kware, zikapewa majina ya watu na umri wao, na papai likatoka na korona. Papai, yakhe! Lilikohoa wapi?"

"Na baada ya hapo akafanya nini?" fundi hujibu. "Akamsimamisha mkuu wa maabara, na hesabu zikaishia palepale kwenye wagonjwa 509. Mwezi wa Juni akasema korona imekwisha. Imekwisha kwa sababu haisomwi?"

"Imekwisha kwa maombi."

"Basi mbona madereva wa malori wakipimwa mpakani, Namanga na Lunga Lunga, wanapatikana nayo?"

"Kwa sababu wapimaji ni Wakenya!"

Hapo mimi huwa namtazama punda wangu. Kama mbuzi kapimwa na papai limepimwa, huyu naye haki yake iko wapi? Anakohoa tangu enzi za Kibaki. Akitiwa kijiti puani leo, kesho Amu ingesomwa ya kwanza kwenye televisheni. Halafu nakumbuka kuwa punda wa Amu hana shida kama mimi. Yeye ana hospitali yake hapahapa mjini, anatibiwa bure, anatolewa minyoo, anafungwa vidonda, wala haulizwi kadi ya bima. Binadamu mwezi wa Aprili akitiwa karantini alilipia kitanda na chakula mwenyewe, mpaka watu wakapiga kelele ndipo serikali ikasema mwezi wa Mei kuwa italipa yenyewe. Ukiambiwa uchague daktari, na una akili zako, utapiga magoti uote masikio marefu.

Fundi ana hoja yake moja aipendayo. "Kutopima ni kama nahodha kufumba mato asiuone mwamba."

"Na nyinyi mnaoupima mwamba kila siku mkautangaza saa kumi," mwalimu akamrudishia, "umeondoka?"

Watu wakacheka, fundi akakasirika, ikabidi atafute msaada ng'ambo. Akaleta Korea Kusini, waliopima watu ndani ya magari yao hata kushuka hawakushuka. Mwalimu akasema sawa, lete gari basi, maana hapa mjini tuna punda. Akaleta na Marekani, Trump alivyosimama kule Tulsa mwezi wa Juni mbele ya watu akasema ameagiza upimaji upunguzwe kasi, kwa kuwa ukipima sana unawaona wagonjwa wengi. Fundi alidhani amemfunga mwalimu goli. Mwalimu akapiga paja: "Unaona? Hata Mmarekani amekubali!" Basi ndivyo ilivyo. Mtu akishachagua kiongozi wake, ushahidi wote unamfuata nyuma.

Jambo moja tu limewahi kuwapatanisha, nalo ni KEMSA, shirika la serikali linalonunua dawa na vifaa vya hospitali. Habari zilipotoka mwezi wa Agosti za manunuzi ya barakoa na mavazi ya madaktari, na kwamba zinachunguzwa shilingi bilioni 7.8, baraza lilinyamaza kimya kikubwa. Muuza kahawa aliyekuwa akimimina alisimamisha dele hewani. Bilioni ni fedha ambazo sisi hatuwezi hata kuzionea wivu sawasawa. Mtu unamwonea wivu mwenye mashua mpya. Tangatanga na Kieleweke wakaketi bega kwa bega wakiwalaani wezi, na mimi nikatumaini tumepata amani. Haikufika magharibi. Mwalimu akauliza wezi ni wa upande gani.

Lakini wacha niseme langu, maana hawa wakubwa wanaobishana wanasahau kuwa kanuni zenyewe ziliandikwa na mtu asiyewahi kufika Amu. Mita moja na nusu! Wapi? Ndia zetu nyingi ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Mimi nikishuka na punda mwenye magunia ubavu huu na ubavu huu, nikakutana na mama mwenye buibui na kapu la samaki, hapo hakuna kuzungumzia mita. Tunazungumzia nani atarudi kinyumenyume. Akijibanza mlangoni, mimi nimempumulia, punda amempumulia, na samaki tumewapumulia wote. Kupanua ndia nako haiwezekani, kwa sababu mui huu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001 na jiwe haling'olewi bila kibali. Kwa hiyo serikali inatwambia tusiguse kuta, kisha inatwambia tusigusane watu. Tupite juu?

Halafu misikiti. Mwezi wa Julai ikafunguliwa kwa masharti: watu wasizidi mia, ibada isizidi saa moja, na asiingie mtoto wa chini ya miaka 13 wala mzee wa zaidi ya 58. Nilisikia nikahisi masikio yamenidanganya. Msikiti wa mtaani kwetu ukiwatoa walio juu ya 58, anabaki nani? Mwadhini ametoka. Imamu ametoka. Safu ya kwanza yote imetoka, na ya pili wamebaki mimi na kijana mmoja anayekuja kuchaji simu. Wazee walikasirika si haba. Mmoja, ambaye jino la mwisho lilimtoka siku nyingi, alisimama mlangoni akaapa kuwa ana miaka hamsini na saba. Nani atamkatalia? Vyeti vya kuzaliwa vya wakati wake hakuna, na aliyemzalisha hayupo.

Kafyu peke yake ndiyo haikututisha. Bara walilia kama wamefungwa jela, sisi tukawa walimu wao. Mwaka 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, humu humu kaunti ya Lamu, tulikatazwa kutoka usiku miezi mingi, wavuvi wanaijua adha yake. Wanaume wa Amu tunajua dakika ngapi zimebaki kabla ya askari kutokea kwenye kona, na tunajua nyumba ipi ina mlango wa nyuma. Sitasema zaidi.

Nirudi kwenye kupima. Wiki iliyopita, katikati ya mjadala, fundi akiwa amesimama anadai serikali ipime mui mzima, nyumba kwa nyumba, na mwalimu amesimama anadai hakuna haja kwa kuwa hatuogopi kitu, wakaja maafisa wa afya. Wanne, wamevaa nguo nyeupe kuanzia kichwani mpaka unyayoni, wana masanduku yao. Wakasema kwa adabu, "Asalaam aleikum, tunachukua sampuli kwa hiari."

Sijaona Mkunguni ikimwagika vile hata siku ng'ombe alipokatika kamba. Mtu wa Kagwe alikumbuka kuwa ana gundi inakauka karakanani. Mtu wa Magufuli, asiyeogopa kitu, alitangulia mbele yake. Muuza kahawa alikimbia na dele la moto mkononi. Pale walibaki paka na mimi, na mimi nilibaki kwa sababu punda alikuwa amejilaza katikati ya ndia akakataa katakata kuinuka.

Basi nikakalishwa. Dada mmoja akaniambia niinue kichwa nitulie. Kile kijiti, jamani, nilidhani ni cha kugusa tu puani. Kiliingia kikaendelea kuingia, kikapita pua, kikapita mahali ambapo mimi sikujua kuwa ni pangu, mpaka nikakumbuka deni la mwaka 2009. Machozi yakanitoka, nikapiga chafya, maafisa wanne wakaruka nyuma. Punda akageuza kichwa akanitazama. Yeye anajua kutiwa vitu puani, na nina hakika alifurahi.

Nikauliza majibu lini. Dada akasema kwanza sampuli ivuke kwa mashua mpaka Mokowe, kisha ishike barabara ya Witu na Garsen kwenda maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kilifi. Nanyi mnaijua barabara ile, magari yakipita hufuatana na askari wenye bunduki. Maishani mwangu sijasindikizwa na polisi kwa heri hata siku moja, leo kamasi yangu inapita Witu na ulinzi.

Majibu yalinikuta Mkunguni, baraza limeshajaa tena na kila mtu yuko mahali pake. Simu ikalia, nikafungua ujumbe. Nambari ya simu yangu. Mahali, Amu. Jinsia, mwanamke. Umri, miaka 31. Majibu, hasi.

Mwalimu alinipokonya simu, akaisoma kwa sauti, akainuka amenyoosha kidole juu. "Ni papai hilo! Si niliwaambia? Papai limepimwa Kilifi!" Fundi naye hakurudi nyuma. Akasema hilo ni kosa la karani wala si la kipimo, na ndiyo maana lazima nipimwe mara ya pili. Nikamwambia atangulie yeye. Akasema gundi yake inakauka.

Nikaenda zangu nyumbani angalau nimpe mama watoto habari njema kuwa nyumba ni salama. Nikamkabidhi simu asome mwenyewe. Akasoma, akarudia kusoma, akavua miwani.

"Hasi," nikamwambia. "Maana yake sina."

"Hasi nimeiona," akasema. "Huyu mwanamke wa miaka thalathini na moja ndiye nani, na simu yako anaitumia tangu lini?"