Acheni kusambaza video, kofia nilisharudisha

Haya nyie, najua mmeshaiona ile video yangu nakimbia Roma. Shem wangu hana dogo, kairusha kwenye grupu la ukoo, ikatoka huko ikaingia grupu la wafanyabiashara wa Kariakoo, na leo asubuhi nimetumiwa na jamaa wa Mbagala ambaye hata hajagundua yule wa kwenye video ni nani, kaniandikia "mcheki huyu mshamba". Kaka, huyo mshamba unachati naye. Na maneno aliyoweka shem juu ya video eti "Mbongo anaswa Roma na kofia ya Kaisari". Kwanza sikunaswa, nilisimamishwa. Halafu kofia yenyewe ya plastiki, na huyo Julius Kaisari wa watu aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, wakati Koloseo, ule uwanja wa kale tulipokuwa sisi, ilifunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo, kwa hiyo marehemu hahusiki kabisa. Tuheshimiane.

Ngoja niwape yangu, magoti yanauma lakini vidole vizima.

Si mnajua nipo kwa dada, Napoli. Jana dada kasema huwezi kurudi Dar umefika Italia hujaona Roma, watu watatucheka (dada, wanacheka sasa hivi). Tukapanda treni ya kasi, saa moja na dakika kidogo mko Roma. Tiketi za Koloseo alishazikata mtandaoni, zina jina la kila mtu na saa ya kuingia, yetu saa nane mchana. Tukafika saa sita na nusu. Jua la Julai, kivuli cha kugombania.

Ukitoka tu stesheni ya metro unagongana nalo. Picha zote mlizoona ni uongo, lile dude ni kubwa mpaka unaacha kuongea. Dada akaanza darasa lake pale pale, kwamba hapo zamani palikuwa na ziwa la kuchimbwa ndani ya kasri la mtawala Nero, Nero alipokufa mtawala mwingine, Vespasian, akalikausha akaanza kujengea wananchi uwanja, mwanae Titus akaja kuuzindua kwa michezo ya siku 100. Siku mia! Sisi Simba na Yanga dakika 90 tu, mitaa haifanyi kazi wiki nzima. Walikuwa wanaingia watu kama 50,000, wa kwetu wa Mkapa 60,000, ila wenzetu walijenga milango 80, na namba zake za Kirumi zimechongwa juu ya matao, nyingine mpaka leo zinasomeka. Nikasimama chini ya mojawapo hapo namwambia shem, hawa watu tungewapata siku ya dabi.

Hapo bado nilikuwa na heshima zangu.

Sasa kati ya Koloseo na Tao la Constantine pana uwanja wa mawe, ndipo wanapokaa wale jamaa wanaovaa kama askari wa Kirumi. Sketi nyekundu, dirii kifuani, makubazi ya kamba, na kofia yenye manyoya mekundu yaliyosimama kama brashi ya chooni. Unapiga nao picha halafu wanakudai. Jiji liliwapiga marufuku mwaka 2015, lakini marufuku tunazijua wenyewe, sisi Kariakoo tumepigwa marufuku mara ngapi na bado tupo? Shem akaninong'oneza, uliza bei kwanza. Nikamwangalia. Mimi mtu wa Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, unifundishe kuuliza bei?

Sikuuliza bei.

Mzee mwenyewe mnene, mcheshi, kitambi kimeligomea lile dirii mpaka kalifunga nyuma kwa kamba ya kiatu, niliiona. Akanivisha joho jekundu, akanibandika kofia yake ikaingia mpaka kwenye nyusi, akanipa upanga wa plastiki, akakaa pembeni yangu kidole gumba juu. Shem anapiga, dada anacheka, mimi nimebenua kifua, maisha matamu.

Pembeni yetu sasa, na hili ndilo mlilokosa kwenye video maana shem kaanza kurekodi kwa kuchelewa, walikuwepo vijana wanauza chini. Miwani, mikoba, vijiti vya kupigia selfi. Dada alishanionya nisiguse kitu, huku hata mnunuzi anapigwa faini. Mimi sikuwa natazama bidhaa, nilikuwa natazama shuka. Kila shuka lina kamba kwenye kona zote nne, ukivuta mara moja linajifunga linakuwa mzigo, unatupia begani unapotea. Wa Kongo mnanielewa. Kabla sijapata fremu ya duka turubai langu lilikuwa na kamba vile vile, na zile kamba zimeniokoa na mgambo kuliko hirizi yoyote. Nikaona kumbe tuko ndugu.

Hapa sasa twendeni polepole.

Shem ananiambia inua upanga. Nikainua upanga. Dada ananiambia tabasamu. Nikatabasamu. Kwa pembe ya jicho la kulia nikamwona kijana wa miwani ananyoosha shingo. Hakusema neno, alitazama tu kule upande wa metro, na mtu ambaye hajawahi kuuza chini asingeona kitu hapo, lakini mimi tumbo lilishabana. Mwenzake wa mikoba akaacha kutafuna. Akameza. Halafu mluzi, mmoja, mfupi, wa meno.

Kamba zikavutwa, mashuka yote yakafumba kwa mpigo, vijana wakachomoka.

Na mimi nikachomoka.

Jamani sikuamua. Watu mnaandika chini ya video "kwa nini alikimbia" kama vile kulikuwa na kikao. Hakukuwa na kikao. Miguu haikuniuliza tupo nchi gani, haikuniuliza kama nina viza, ina viza, tena ya halali kabisa, imegongwa. Miguu ilisikia mluzi ikaona kamba zimevutwa, ikajua nyuma kuna karandinga. Akili ilikuwa bado imebaki kule kwenye picha inatabasamu. Nilishapita Tao la Constantine ndipo nikaona kitu chekundu kinapepea pembeni yangu, nikajiuliza ni nini, kumbe joho.

Ningesimama hapo, ningesimama kabisa, isipokuwa kijana wa mbele yangu kamba ilimkatikia, mzigo ukaanguka. Sasa sheria ya Kongo mnaijua, mzigo wa mwenzio ukianguka unaubeba, kwamba ni wa nani mtajuana mbele ya safari. Nikaufagia na mkono wa kushoto bila kupunguza spidi, mkono wa kulia una upanga, nao nilikuwa bado nimeuinua juu kama shem alivyosema.

Kijana akageuka kutafuta mzigo wake.

Ile sura yake naiona mpaka sasa hivi. Mtu kakimbia askari wa jiji maisha yake yote ya Roma, wa sare anawajua, wa kiraia anawanusa, wa pikipiki anawakwepa. Leo kageuka anakuta nyuma yake mwanajeshi wa Kirumi, kofia ya brashi, joho linapepea, upanga juu, kashika mzigo wake. Yule kijana hakupiga kelele. Alitoa tu macho, halafu akapata spidi ambayo sijawahi kuiona kwa binadamu aliyevaa ndala. Na mimi kwa kumhurumia nikazidi kumkimbilia nikiita, "Mimi mwenzenu! Mimi mwenzenu!" Kwa Kiswahili. Kila nikiita anaongeza gia.

Nyuma yangu sasa ndio kulikuwa na balaa, mzee mwenye kofia yake kaanza kunifukuza, nasikia makubazi pa pa pa na sauti inakwaruza. Kiitaliano sijui, ila mayowe ya kuitiwa mwizi yana mahadhi yake popote duniani. Nyuma ya mzee dada anapiga kelele jina langu lote, la kwanza, la baba na la babu. Nyuma ya dada shem, simu juu, hakimbii hata, anatembea haraka kwa utulivu kusudi video isitikisike. Shem, nitakukumbuka.

Tukashika Via di San Gregorio, ile barabara inayopita chini ya kilima cha Palatino. Jioni dada ananipaka dawa ya magoti ndio ananiambia kwamba zamani majenerali wa Kirumi wakirudi na ushindi waliletwa kwa njia hiyo hiyo wakitokea upande wa Circus Maximus, uwanja wa kale wa mbio za farasi, jenerali kwenye gari la farasi wanne, mateka wanatembezwa mbele, mji mzima unashangilia. Mimi niliipita kinyume chake. Mateka yupo mbele anakimbia kweli kweli, jenerali katikati kabeba miwani, mwenye kofia nyuma anatweta.

Na kushangilia walishangilia! Pale pana geti la kuingilia Palatino, foleni ndefu ya watalii jua linawachoma hawana la kufanya, walipotuona wakajua ni igizo. Makofi hayo. Simu zikatoka zote. Mtoto mmoja kabebwa mabegani akanipungia mkono, na mimi, hapa ndipo ninapojishangaa hata leo, nikampungia upanga.

Huo upanga ndio ulionimaliza. Kushusha mkono, joho likashuka nalo, likaingia chini ya kiatu, nikaona mawe yanakuja. Zile barabara zao za vijiwe vyeusi mnaziona nzuri kwenye picha, zilambeni kwanza ndio mje mniambie. Magoti, kiwiko, tumbo. Mzigo ukapasuka miwani ikasambaa njia nzima, na kofia ikazunguka kichwani, sehemu ya nyuma ikaja mbele, giza. Nimelala chini Roma, ndani ya kofia, nasikia watu wanapiga makofi.

Nikaigeuza kofia taratibu. Nikaona viatu vyeusi jozi mbili. Vimeng'arishwa.

Askari wawili, mmoja dada wa makamo, hawakuwa hata wamekimbia, walikuwa wamekuja kwa upande wa pili wametulia zao. Yule dada akaniangalia, akaangalia miwani barabarani, akaangalia brashi kichwani kwangu. Mzee naye akafika, uso umeiva, kidole kimeshanyooka kunishtaki, na hapo ndipo akawaona askari. Kidole kikashuka. Mzee akaanza kuangalia mawingu. Mawingu hayakuwepo.

Akaulizwa, hii kofia ya nani? Hilo hata mimi nililielewa. Jamani mzee kavaa sketi. Kavaa dirii. Kavaa makubazi ya kamba mpaka magotini, na kwenye paji la uso ana mstari mwekundu wa pale kofia ilipokaa tangu asubuhi. Akaninyooshea mimi. Mkono wote, kwa huzuni kabisa, kama mtu anayesikitika kuona vijana wa siku hizi.

Na miwani ya nani? Nikageuka nimtafute mwenzangu nimuonyeshe na mimi kwa kidole. Barabara nyeupe mpaka Circus Maximus.

Kwa hiyo kwa maelezo ya pale, mimi ndiye niliyekuwa askari wa Kirumi asiye na kibali, tena nauza na miwani. Wewe wa huko mwisho unayecheka, ungefanyaje?

Mengine sina nguvu nayo. Dada kafika, kamwaga Kiitaliano cha Napoli cha mikono miwili, paspoti ikatoka, tiketi ya Koloseo yenye jina langu ikatoka, haikusaidia kitu mpaka shem alipoonyesha ile video, ndio maana nashindwa hata kumlaani vizuri. Yule askari dada aliiangalia mara ya kwanza kimya, akaomba irudiwe, kwenye "mimi mwenzenu" akavua miwani akafuta macho. Wakaniachia. Miwani ya kijana waliichukua yote, na hilo linaniuma kuliko magoti, sikumwona tena. Kofia, joho na upanga wakaniambia nichukue, vyangu.

Tunarudi Koloseo tumechelewa, nachechemea kama gladieta aliyeshindwa kwenye mechi za mchujo, mzee kachomoza nyuma ya mti. Kacheka, kanikumbatia kama ndugu wa damu, kavua kofia kichwani kwangu kaipiga vumbi, halafu akanyoosha kiganja. Euro 10 za picha. Picha! Nikamwambia tano, na nimebaki na kovu. Akasema nane, manyoya mawili yamekatika. Tukaishia sita, maana mimi ni mtu wa Kongo bado.

Halafu akamvuta dada pembeni wakaongea, nikamuuliza dada anasemaje, kumbe wale wa foleni ya Palatino walimfuata wanataka picha na yule jenerali anayekimbia, mzee anauliza kama kesho nitakuwepo tugawane. Dada akamjibu hapana kabla sijauliza asilimia ngapi.