Mche tunauonea huruma, mti mzima tunaupiga panga

Masika ya mwaka jana nimekaa kwa mzee kule Machame, Kilimanjaro, mvua haikatiki, bando lipo, nikajikuta naangalia video za mashamba ya lozi California. Hawa jamaa ndo wanatoa karibu asilimia 80 ya lozi za dunia nzima, sasa cheki wanachofanya: mche umepandwa leo, umenyooka safi kabisa, jamaa anakuja na mkasi anakata kichwa, unabaki kijiti cha kama mita moja. Mzee alikuwa ananichungulia kwenye simu, akasema "huyo kijana hajalala vizuri".

Nikacheka ila roho iliniuma. Mwaka mmoja kabla ya hapo parachichi yangu moja ya aina ya Hass ilipasuka kati kwa kati. Nilizipanda kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, miche ya kuungwa, Hass juu na shina la parachichi nyingine chini, sikugusa hata jani, na ile ikatoa matawi mawili yamebanana kama manati, nikaona inapendeza tu. Ilipobeba matunda ya kueleweka, upepo kidogo, pwaa! Nikaenda kuangalia lilipopasukia, kumbe gome lilikuwa limeingia katikati ya yale matawi, yaani miaka yote hayakuwahi kushikana, yalikuwa yameegemeana tu.

Wale wa lozi hicho ndo wanachokikimbia. Wakishakata kichwa wanasubiri machipukizi, wanachagua kama matatu hivi, kila moja linatazama upande wake, yamejitanua, hayajaanzia sehemu moja kwenye shina, mengine yote wanatoa. Halafu mti ukishapata umbo wanapunguza sana kukata, maana majani ndo jiko la mti. Sisi tunafanya kinyume chake aisee, mche tunauacha ujiotee, ukishapita paa la nyumba na kuchuma mpaka kijana apande ndo tunaita mtu wa panga, anafyeka nusu, jua linapiga matawi yaliyokuwa kivulini gome linaungua, halafu tunasema mbegu mbaya.

Na ni Wachagga hao hao! Bibi yangu kwenye kahawa alikuwa hana huruma kabisa, akipita tu maotea, yale machipukizi ya ziada, yanatoka, ila ukimwambia habari ya parachichi anakwambia acha mti ukue.

Sasa usikimbilie kutafuta miche ya lozi, lozi inataka majira ya baridi kweli ilale ndo ichanue vizuri, hapa itakusumbua bure. Na sio kila kitu unaiga. Lozi inapukutisha majani yote, wao matawi ya kudumu wanayachagua mti ukiwa umelala, parachichi yetu haina huo usingizi, kwa hiyo mi nakata mvua ikishapungua, ncha tu, kidogo kidogo, mkasi naufuta na spiriti kila nikihama mti, shina lililobaki wazi napaka chokaa. Chochote kinachoota chini ya pale palipoungwa natoa siku hiyo hiyo, hiyo sio Hass, ni ule mti wa chini unataka kurudi mjini.

Mwaka huu nimepanda mingine 12. Juzi imeshika vizuri nikapita nikakata ncha zote. Mzee alisimama mlangoni anaangalia mpaka mwisho, hakusema neno, ila kesho yake mkasi haukuwepo stoo na mpaka leo sijaupata.