Nani Aliyeniandikisha Shule Tena?

Mimi niliambiwa shule huisha. Unasoma, unafanya mtihani, unapewa cheti, unakificha chini ya godoro, maisha yanaendelea. Hakuna aliyeninong'oneza kwamba nikioa na kupata watoto nitaandikishwa upya, safari hii bila likizo wala kengele ya kurudi nyumbani, kwa sababu nyumbani ndiko shuleni, na walimu wenyewe ni watu ninaowanunulia viatu.

Kwangu kila mtu anajua kitu nisichokijua, na hakuna hata mmoja anayejua kunyamaza. Mke ananifundisha. Fundi bomba aliyekuja kuziba tundu alinifundisha huku mita ya malipo inasoma. Lakini mwalimu mkuu ni binti yangu mdogo, mwenye mapengo mdomoni na jibu kwa kila jambo.

Chukua suala la sayari. Sisi tulisoma sayari tisa. Tuliziimba, tulizichora, na wengine tulizichapiwa viboko mpaka zikakaa kichwani moja kwa moja. Basi jioni moja binti akaja na daftari: "Baba, sayari ziko ngapi?" Nikaona hapa ndipo heshima yangu inarudi. Nikavuta kiti, nikasafisha koo, nikazitaja zote tisa kwa mbwembwe, na Pluto nikaiwekea madaha. Binti akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyecheleweshwa kuletwa.

"Ziko nane, baba. Pluto walishaitoa."

Walishaitoa akina nani? Na sisi tuliochapwa tunalipwa nini? Kumbe mwaka 2006 wataalamu wa nyota wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia walikutana Prague, wakapiga kura, na Pluto ikavuliwa cheo. Wakasema kitu kikitaka kuitwa sayari lazima kilizunguke jua, kiwe kizito kiasi cha kujifinyanga chenyewe kikawa mviringo, na kiwe kimeisafisha njia yake. Pluto ilifaulu mawili ya kwanza. La tatu ikaanguka, maana njia yake imejaa mabonge mengine ya barafu. Sasa inaitwa sayari kibete.

Yaani kosa lake ni kutofagia! Mke wangu, ambaye nilidhani anashona kifungo na hasikilizi, akainua kichwa. "Umesikia, baba watoto? Hata sayari isiyofagia inafukuzwa." Tangu siku hiyo nikiacha soksi sebuleni naitwa Pluto.

Binti hakuishia hapo, maana hawa walimu wa siku hizi hawajui muda wa kipindi. Akaniambia hata jina lenyewe la Pluto lilitolewa na mtoto. Nikabisha. Nikaonyeshwa. Mwaka 1930, baada ya kijana Mmarekani aitwaye Clyde Tombaugh kukiona kidude hicho, habari zilifika gazetini Uingereza. Kule Oxford mzee mmoja alikuwa mezani asubuhi akiisoma habari hiyo kwa sauti, na mjukuu wake wa miaka 11, Venetia Burney, akasema: kwa nini wasiiite Pluto? Babu akalipeleka jina kwa profesa wa nyota, profesa akapiga simu ya maandishi Marekani, jina likapita. Na babu akamzawadia mjukuu pauni tano.

Binti alipofika hapo kwenye pauni tano akanyamaza, akanyoosha kiganja.

Nilimweleza kwamba yule alikuwa babu na mimi ni baba, ni vyeo viwili tofauti. Ila kinachoniuma zaidi ni kwamba Bi Venetia alikuwa bado hai mwaka 2006, ana miaka 88, wakati wanamvulia kitoto chake cheo. Sijui kama kuna aliyekwenda kumpa pole. Mimi sikupewa.

Nikajipoza moyo kwamba anga ni mbali, wafanye wanavyopenda huko juu. Lakini ulimi je? Ulimi ni wangu, ninao mdomoni, nautumia kila siku. Ule mchoro wa ulimi sote tuliuchora: nchani utamu, pembeni chumvi, nyuma kidogo uchachu, kule mwisho kabisa uchungu. Nilipata vema kwa mchoro ule, na wino mwekundu ninaukumbuka hadi leo. Kijana wangu mkubwa, ambaye ameanza kuota ndevu tatu na anaongea kwa sauti ya kuazima, akasema mchoro ule ni hadithi. Eti mwaka 1901 Mjerumani mmoja, Hänig, alipima ulimi akakuta tofauti ndogo tu kati ya sehemu na sehemu. Waliokuja nyuma yake wakazikuza tofauti hizo hadi ulimi ukagawanywa viwanja. Ukweli ni kwamba sehemu yoyote yenye vionjio huonja ladha zote.

"Bisha tujaribu," akasema.

Nikabisha. Nikafuta ulimi kwa kitambaa safi, nikautoa nje wote, dada mtu akachota chumvi kidogo kwa kidole na kuidondosha nchani, pale penye kiwanja cha utamu. Kanuni ya jaribio ilikuwa ulimi usirudi ndani mpaka nimejibu kwa ishara. Nimekaa hivyo, macho yamenitoka, ulimi uko hewani, chumvi inaita chumvi waziwazi, mlango ukafunguliwa. Mama mkwe huyo, na begi lake mkononi.

Ndugu zangu, hebu fikirieni. Mkwe wako amesafiri, amechoka, anafungua mlango, anakuta umemtolea ulimi. Na siwezi kuurudisha kwa sababu watoto wanapiga kelele "Bado, baba! Bado!"

Mama aliweka begi chini taratibu. Akamwuliza binti yake, "Ilianza lini?"

Na si hivyo tu. Sisi tuliambiwa ladha ni nne. Sasa naambiwa kuna ya tano, umami, ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama, na kwamba Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908. Angalieni mwaka huo! Yaani mimi nazaliwa, nakwenda shule, nachorwa ulimi wa ladha nne, na mambo yalishajulikana zamani za mababu. Nani alikuwa amekalia barua? Kwa mahesabu yangu, sayari zimepungua moja na ladha zimeongezeka moja, kwa hiyo tumetoka sare. Mimi sina deni.

Huyo mama mkwe naye alipopoa alianzisha darasa lake, na darasa lake halina maelezo. Alinituma kuangalia maziwa jikoni. Sasa maziwa, jamani, yana akili. Ukiyakodolea macho yanatulia tuli, hata kiputo hakuna. Ukigeuza shingo tu uone nani anapiga hodi, yamepanda, yamemwagika, yamezima moto, yanatafuta njia ya kutokea nje. Mimi nilikuwa nimejipanga: mkono mmoja kwenye kitasa cha jiko, mwingine umeshika kitambaa, sipepesi. Mama akaja, akanisogeza pembeni, akachukua mwiko mkavu akaulaza kukatiza mdomo wa sufuria, akaondoka zake. Povu likapanda. Nikashusha pumzi, nikajua mama leo kaumbuka. Likafika kwenye mwiko, likapasuka, likashuka. Likapanda tena, likapasuka tena.

Nikamfuata kwa adabu. "Mama, huo mwiko unafanya nini pale?"

"Unazuia maziwa yasimwagike."

Hilo ndilo jibu, na mkwe habishiwi. Maelezo niliyapata kwa mwalimu mkuu mwenye mapengo: maziwa yakipata moto, protini na mafuta hufanya utando juu, mvuke wa chini unakosa pa kutokea, unausukuma utando kwenda juu na povu lote. Maji hayana utando huo, ndiyo maana unaweza kuyasahau yakachemka hadi yakauke bila kutoka sufuriani. Mwiko mkavu ukigusana na povu unayapasua mapovu, mvuke unapata upenyo. Ila ukiachwa moto mkali mpaka nao ukalowa na kupata joto, maziwa yanaurukia yakaenda zake. Hilo la mwisho mama alilijua pia, maana alirudi akapunguza moto, bila kusema kitu.

La betri ya simu sitalisemea sana, litanipandisha presha. Zamani tulikatazwa kuchaji kabla betri haijaisha kabisa, na kwa betri zile za nikeli ilikuwa sawa. Sasa kijana ananikaripia kwamba hizi za lithiamu ukiziacha ziishe kabisa kila mara unazichosha, na joto ndilo adui yao, kwa hiyo simu nisiifunike na mto ikiwa inachaji. Nilichopenda humo ni kimoja. John Goodenough, mmoja wa waliozitengenezea njia betri hizo, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 akiwa na miaka 97. Huyo ndiye ninayemtaja mtu akinigusia umri.

Mwishowe nikasema sikubali. Na mimi nitafundisha. Nikatafuta jambo usiku, nikalisoma mara mbilimbili, nikalitunza hadi wakati wa chakula, wote wako mezani. Nikasema: je, mnajua majogoo hawawiki ovyo? Wajapani walichunguza wakachapisha mwaka 2013 na tena 2015. Jogoo ana saa yake mwilini, anajua alfajiri inakuja hata akiwa gizani. Na wakiwa pamoja huwika kwa cheo: mkubwa wao ndiye huanza, wadogo humsubiri, kisha hufuata mmoja mmoja kwa zamu.

Kimya. Watoto wameacha kutafuna. Kijana anatikisa kichwa cha kukubali, jambo ambalo sijapata kuliona tangu aote zile ndevu. Mke wangu akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo hapa kwetu jogoo mkubwa ni nani?"

Nikajinyoosha kitini, nikavuta pumzi ya kutosha. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akasema sahani hazijioshi.

Tukasimama wote. Mimi nilibeba za kwake.