Amakihi anaishi na malaria, ʻōʻō ametoweka

Visiwa vya Hawaii havikuwa na mbu hadi mwaka 1826, walipofika kwa meli. Baadaye ndege wa kigeni walileta malaria ya ndege, na misitu ya nyanda za chini ikaanza kukosa waimbaji wake.

ʻŌʻō wa kisiwa cha Kauai, ndege mweusi mwenye manyoya ya njano miguuni na sauti kama filimbi, alisikika mara ya mwisho mwaka 1987 katika kinamasi cha Alakai. Oktoba 2023 serikali ya Marekani ilitangaza rasmi kwamba ametoweka. Amakihi wa kisiwa cha Hawaii, mdogo, wa kijani na njano, bado ni wengi. Huko Puna, karibu na bahari, wengi wana vimelea damuni na wanazaana vizuri tu. Wenzao wa milimani walipoambukizwa kwa majaribio, wengi walikufa. Wa nyanda za chini wengi walipona.

Kuna wanaosema basi, asili ijitengenezee dawa yake. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani kinga ya amakihi haikutoka kwa daktari. Lakini kinga ya namna hii hujengeka pale ambapo ndege ni wengi kiasi kwamba wafe maelfu na bado wabaki wa kuzaa. Amakihi alikuwa na mlima wa zaidi ya mita 4,000, wenye baridi ambayo mbu hawawezi kuistahimili. Kauai haifiki hata mita 1,600. Tena amakihi hula nekta, wadudu na matunda, na hujenga kiota kwenye matawi. ʻōʻō alitegemea mashimo ya miti mikubwa, ambamo panya wa kigeni walimfikia. Kimbunga Iwa cha mwaka 1982 kiliwakuta wamebaki wachache mno. Kumwita dhaifu ni kumwonea.

Tangu 2023 madume wa mbu wenye bakteria ya Wolbachia wanaachiliwa katika kisiwa cha Maui, ili majike wakipandana nao mayai yasianguliwe. Wapo wakazi waliokwenda mahakamani kupinga, na hofu yao naielewa, maana maafa yote haya yaliletwa kutoka nje. Hata hivyo dume la mbu haliumi, na aina hiyo ya mbu imekaa visiwani karibu karne mbili. Mimi nawaunga mkono wanaowaachilia: ndege wengine wa visiwa hivi waliobaki wachache mno hawana muda wa kungoja kinga iliyomwokoa amakihi.