Ngiri na neti ya mbu, hebu tuliongee vizuri

Mtu akiambiwa anunue meshi, ile neti wanayokuwekea ndani kwenye oparesheni ya ngiri, swali linakuja hapohapo, kwani ya chandarua haifai? Wengine wanakasirika kabisa, wanaona maskini anafanyiwa majaribio. Siwalaumu.

Ila Kamuli, Uganda, waliipima kweli. Wanaume 302 wenye ngiri ya kinena, nusu wakawekewa meshi ya kiwandani ya zaidi ya dola 100 na nusu kitambaa cha chandarua kisichofika hata dola moja, majibu yakatoka 2016, baada ya mwaka ngiri imemrudia mtu mmoja tu upande wa chandarua na upande wa pili hakuna, na matatizo, mengi yakiwa madogo, yalikuwa kama asilimia 30 kila upande.

Siri iko kwenye vitundu. Nyama ya kovu inaota inapita katikati ya nyuzi inaishika meshi, na vitundu vikizidi milimita moja inapita vizuri, vikibana sana kovu linakakamaa na mgonjwa akiinama anasikia kitu kinamvuta kinenani.

Sasa upande wa pili, na hapa ndo naomba tuwe makini. Chandarua sio kitu kimoja. Zile za Olyset ambazo zimetengenezwa hadi Arusha dawa ya mbu imo ndani ya uzi wenyewe, hata ukiifua haiishi upesi, hiyo usiiweke mwilini mwa mtu. Inatakiwa isiyo na dawa, na ichemshwe kwa mvuke wa nyuzi joto 121, maana ukiipeleka 134 kama vifaa vingine vya thieta inaweza kujikunja na kuharibika. Halafu meshi ya kiwandani ina stika yenye namba, inabandikwa kwenye faili, kikitokea kitu miaka mitano mbele unajua ilitoka wapi. Kipande kilichokatwa wodini hakina hiyo.

Kwa hiyo mi siungi mkono kila hospitali ikate ya kwake, iandaliwe sehemu moja, ipimwe, ipewe namba, isambazwe. Lakini kuikataa kabisa pia nakataa, kwa sababu huku kwetu mgonjwa akikosa hela hapewi meshi nyingine, anashonwa uzi mtupu. Najua Shouldice, hospitali ya ngiri kule Canada, wanashona bila meshi na watu wanapona, ila wale ni kazi yao ya kila siku. Mjomba wangu mbeba magunia alishonwa uzi, haikuisha miaka miwili akaniita chumbani anionyeshe, kivimbe kilekile, akikohoa kinatoka. Ikabidi ukoo mzima tuchange, safari hii ya meshi ya dukani, na miezi miwili hakugusa gunia.