Fedha za Kujikimu

Jamani, nani alimwambia mke wangu kwamba Shelisheli hawadai viza? Tangu habari hiyo itue hapa Nkuhungu hatulali. Viza hakuna, basi kwake safari imeshaiva, kilichobaki ni kuchagua kofia.

Leo kaniburuta mpaka kwa wakala wa safari mjini. Nikavaa shati la vikao, nikaingia kifua mbele kama mjumbe wa bodi. Binti wa mezani akatufungulia picha. Mahé hii hapa, Praslin ile, La Digue watu wanaendesha baiskeli. Yaani nipande ndege nikaendeshe baiskeli?

"Mngependa chumba kinachotazama maji, baba?"

Mwanangu, maji sisi tunayatazama kila siku, kwenye tenki la jirani.

Akaanza masharti. Viza kweli hakuna, ila kuna kibali cha kuomba mtandaoni, na kinalipiwa. Tiketi ya kwenda na kurudi. Mahali pa kufikia. "Na fedha za kujikimu."

Hapo nikajiweka sawa kwenye kiti. Mtumishi wa Dodoma umtajie kujikimu asichangamke? Nikauliza, kwa heshima zote, wanalipa kiasi gani kwa siku, na kama wanatoa kabisa kabla ya safari au mpaka urudi na stakabadhi.

"Baba, ni zako. Unawaonyesha kwamba unazo."

Niwaonyeshe! Ikifika tarehe 15 hata huyu niliyemuoa simwonyeshi!

"Taarifa ya benki tu, baba."

Ya saa ngapi? Ya mshahara ukiingia, au ya dakika tano baadaye wakishakata mkopo? Maana hao ni watu wawili tofauti, na wa pili hata Morogoro hafiki. Binti akanywa maji yake ya chupa, ya baridi. Hatukukaribishwa.

Mama anataka kuona kobe wakubwa. Nikamkumbusha kwamba kobe wa Changuu, pale Unguja, asili yao ni hukohuko Shelisheli, na boti inatosha. Nikanuniwa. Mama mkwe naye kapiga simu kutoka Kondoa, aletewe ile nazi ya Praslin. Nazi yenyewe inaweza kupita kilo 20, na kuitoa nchini mwao mpaka kibali!

Tukatoka. Bajaji ikatudai buku la ziada, eti mama ana mzigo. Mzigo gani? Mkoba wenye vipeperushi viwili! Nampa elfu kumi, hana chenji. Hawa watu wa bajaji asubuhi huwa wanaondoka nyumbani na nini?